Ufunguo Shingoni mwa Bi Hesabu

Kabla ya kuwasha kitu chochote, alihesabu watu. Haidhuru kitu chenyewe kilikuwa nini: pasi, redio, jiko, feni, hata taa ya sebuleni. Alisimama na kidole karibu na swichi, akazungusha macho chumbani, midomo ikicheza bila sauti, kisha akajigusa kifua na kusema kwa sauti ya kusikika, "Na mimi." Hapo ndipo alipobonyeza. Mgeni aliyemwona mara ya kwanza alidhani anasali, akainamisha kichwa kwa heshima.

Watoto wa ukoo waliijua tabia hiyo na waliichezea. Walikuwa wakijificha nyuma ya kochi ili hesabu isitimie, naye hakuwasha televisheni hata kama mchezo uliokuwa ukisubiriwa ulikwisha kuanza. Alisimama pale pale, mrefu, mwembamba, sauti nene kama ya mwanamume, akisema ana watoto wanne na jozi moja ya miguu isiyo na mwenyewe. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye hakuoa mke, alioa msimamizi wa kura.

Miongoni mwa watoto wale wa nyuma ya kochi alikuwamo binti wa kaka yake, ambaye baadaye alisoma chuo, akarudi, akapata kazi ya ukarani katika karakana ileile aliyofanya kazi shangazi yake. Ilikuwa karakana ya vyuma: walitengeneza milango, masanduku ya mita za umeme, vitanda vya hospitali. Mle ndani shangazi hakuitwa shangazi. Aliitwa Bi Hesabu, na si kwa sababu ya daftari. Kila asubuhi kabla ya kuwasha pampu ya hewa aliwahesabu wote, na kila asubuhi Cheche, mchomeleaji, alimuuliza kama usiku wamezaana au wamepungua. Bi Hesabu alimjibu kwamba idadi ni ileile, akili ndizo zimepungua.

Alikuwa ametimiza miaka ishirini na sita katika karakana hiyo. Wanaume aliowafundisha kushika bisibisi walipanda vyeo mbele ya macho yake, na wengine wakafika mahali pa kumwita "wewe mama" huku wakimwelekeza kidole. Kwa miaka kumi na miwili palikuwa na mashine ya kwanza ya leza, kuukuu, iliyokata bati jembamba kwa mwali wa mwanga. Kwenye karatasi ilikuwa na msimamizi wake, na msimamizi huyo alikuwa na kiti. Mashine ilipogoma, aliyelala chini yake akiwa na tochi mdomoni ni Bi Hesabu. Ilipopona, aliyepigwa picha ni mwenye kiti.

Kwa hiyo siku meneja alipowakusanya na kutangaza kwamba inakuja leza mpya, kubwa mara tatu, yenye kukata chuma kinene kama kisu kwenye siagi, na kwamba atakayeiwasha mara ya kwanza na kuongoza kitengo chake ni Bi Hesabu, karani alimtazama shangazi yake na kuona kitu ambacho hakuwahi kukiona. Mama yule alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mikono. Jioni yake alishona mfuko mpya kwenye koti lake la kazi, akalipiga pasi koti zima hadi kola, ingawa hakuna anayepiga pasi koti la grisi. Karani alipomtania, alisema bibi harusi anakuja, na yeye ndiye mshenga, haiwezekani aende na makunyanzi.

Jina hilo likashika. Mashine ilipoletwa imefungwa nailoni nyeupe kutoka juu hadi chini, karakana nzima iliiita Bibi Harusi.

Ilikuja na funguo mbili. Bi Hesabu alitunga mmoja kwenye kamba ya kiatu, akauvaa shingoni. Wa pili alimpa karani aufungie kwenye droo ya ofisi, akamwandikisha kwenye kitabu: tarehe, saa, saini. Karani alicheka kwamba wanaandikishana kama wageni na huku wanalala chumba kimoja. Shangazi hakucheka. Alisema ufunguo hauna undugu.

Maandalizi yalichukua siku kadhaa, na Bi Hesabu hakuruka hata moja. Alipima waya wa ardhi. Alijaza tangi la kupozea kwa maji safi, akayaonja kwa ncha ya ulimi na kuyatema, eti maji ya chumvi huwa hayajifichi. Aliwasha feni ya kufyonza moshi na kushika karatasi mbele ya mdomo wa feni hiyo kuona kama inavutwa. Alibonyeza vitufe vyekundu vya kuzimia, vyote vinne, kimoja kimoja, na kila kimoja akakibonyeza mara mbili, maana kitu kinachofanya kazi mara moja kinaweza kuwa kimebahatisha. Alifungua mlango wa mashine ili aone kama umeme wake unakatika wenyewe. Ulikatika. Kuwasha mwanga wenyewe, leza yenyewe, kulibakia kwa Alhamisi, siku watakayokuja wageni wenye kuagiza vitanda vya hospitali. Meneja alitaka wageni wasimame mbele ya dirisha la mashine na kuona cheche ya kwanza kwa macho yao. Alilisema hilo mara nyingi kiasi kwamba Cheche alidhani anatajwa yeye.

Vipimo hivyo vilipokwisha, Bi Hesabu alitumwa kwa siku mbili kwa waliouza mashine, akajifunze mambo machache yaliyobaki. Alirudi Jumanne asubuhi, akavaa koti lake, akaenda kuwasha pampu ya hewa kama kawaida. Akahesabu. Cheche, mmoja. Wawili kwenye meza ya kukunjia bati. Mlinzi mlangoni. Karani amesimama na faili. Na Stoo, mtunza vifaa, ambaye alikuwa ndani ya Bibi Harusi akifuta vumbi na kuimba.

Kidole chake kilibaki hewani.

Karani alidhani amesahau namba. Lakini Bi Hesabu alikuwa anamtazama Stoo kupitia dirisha la mashine, naye Stoo, alipoona anatazamwa, alicheka kutoka kule ndani na kumpungia kitambaa.

"Nayaona meno yake," Bi Hesabu alisema polepole. "Kwa nini nayaona meno yake?"

Alisogea hadi kwenye dirisha. Alipoondoka, dirisha lile lilikuwa na rangi ya kijani iliyokolea, kama chupa ya dawa, na mtu aliye ndani angeonekana kama yuko chini ya maji. Kwenye pembe yake palikuwa na maandishi madogo yaliyopigwa chapa. Sasa lilikuwa jeupe, angavu, limepigwa msasa pembeni kwa ustadi. Maandishi hayapo. Alipitisha kidole pembe zote nne akiyatafuta, kama mtu anayepapasa kitanda akitafuta hereni.

Stoo alitoka akiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi ya kheri. Akaeleza kwamba walipolitazama vizuri lile la kijani walilikuta na ufa, bila shaka ni njiani, na meneja alikuwa karibu kulia kwa kuwafikiria wageni. Basi yeye akakumbuka lile bamba la plastiki angavu lililobaki tangu mashine ya zamani, akalikata, akalipachika, na limekaa kama limezaliwa hapo. Tena wageni wataona vizuri zaidi. Alisubiri kusifiwa.

Bi Hesabu alimuuliza kwa upole kama anajua dirisha ni la nini. Stoo akasema la kuonea. Akamwambia hapana, kuonea ni ziada tu. Dirisha hilo ni la kuzuia. Kisha akaeleza, na karani alikumbuka maelezo yale kwa sababu shangazi yake alipokuwa akieleza jambo zito alizoea kushusha sauti badala ya kuipandisha. Mwanga wa mashine ya zamani ulikuwa wa aina nyingine, ukigota kwenye plastiki angavu kama nzi kwenye dirisha. Wa hii mpya haugoti. Unapita kwenye plastiki ile kama jua linavyopita, na jicho haliuoni, halina hata sababu ya kufumba. Chuma kinapokatwa kinang'aa, kinautawanya mwanga huo huku na huko, na mtu aliyesimama dirishani akitabasamu anaweza kuupokea ndani ya jicho bila kuhisi chochote, mpaka atakapojaribu kusoma.

Stoo aliumia. Akasema ni bamba lilelile, miaka kumi na miwili limesimama mbele ya leza, na yeye Bi Hesabu amechungulia humo kuliko mtu yeyote; je, nani kapofuka? Hapakuwa na mtu pale aliyeona kosa katika swali hilo. Hata karani aliona lina mantiki. Ndicho kilichokuwa cha kutisha.

Meneja alipoitwa alilisikiliza jambo lote akiwa anatazama saa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wageni Alhamisi. Dirisha jingine lingechukua wiki kadhaa kufika. Akasema wageni watasimama dakika mbili, watapewa miwani ya jua, na mambo yatakwisha. Akamgeukia karani na kumwagiza achape fomu kwamba vipimo vyote vimekamilika, aiweke mezani kwake kabla ya saa sita.

Bi Hesabu alisema leza haiwashwi.

Meneja akamkumbusha ni nani aliyempa kazi ya kuiwasha. Akamkumbusha pia kwamba kitengo kile bado hakijapata kiongozi kwa maandishi. Alilisema hilo mbele ya wote, bila haraka, na karani alimwona shangazi yake akishika ule mfuko mpya alioushona.

"Bosi," Bi Hesabu alisema, "nimeisubiri mashine hii miaka ishirini na sita. Hakuna anayetaka kuiwasha kuliko mimi. Lakini jicho halina spea stoo. Muulize mwenye stoo."

Kisha akaushika ufunguo uliokuwa shingoni, akaupenyeza ndani ya kola. Akapita ofisini kwa karani, akanyoosha mkono. Karani aliangalia mlango, akaangalia droo. Akafungua droo, akasogeza kitabu na kusema, "Saini." Shangazi akasaini, tarehe na saa, akachukua ufunguo wa pili. Saa nne na nusu asubuhi, mwavuli kwapani, akaenda zake nyumbani.

Haikupita nusu saa meneja akajua. Alimwita karani, akaongea kwa utulivu uliozidi ukali. Alisema aliyetoa ufunguo ndiye atakayeurudisha. Asipourudisha kesho asubuhi, asirudi yeye wala shangazi yake. Na mashine itawashwa tu, kuna fundi umeme mjini anayejua kuunganisha nyaya bila ufunguo. Fomu pia anaisubiri.

Karani alitembea hadi nyumbani na njiani alitunga maneno. Aliona aibu kwamba yalikuwa maneno mazuri. Alimkuta shangazi sebuleni, amefungua pasi iliyoharibika, misumari yake ya skrubu imepangwa kwenye kisosi. Akaketi, akayasema yote: kwamba ni dakika mbili tu, kwamba wageni watasimama mbali, kwamba fundi wa mjini ataiwasha hata hivyo na wao watakuwa wamepoteza kazi kwa jambo litakalofanyika vilevile. Tena akasema, na hili lilimtoka kabla hajalipima, kwamba yeye hana miaka ishirini na sita ya kujivunia; ana miaka miwili, na hana pengine pa kwenda.

Shangazi aliendelea kugeuza msumari kati ya vidole.

"Vidole vya baba yako vilikwenda wapi?" aliuliza.

Karani alishangaa. Baba yake alikuwa na vidole viwili katika mkono wa kushoto, na alikuwa na mizaha mingi kuhusu vile vitatu vingine: viliolewa mbali, viko likizo, vinamdai nauli. Jibu la kweli lilikuwa fupi na kila mtoto nyumbani alilijua. Mashine ilivila.

"Mashine haili mtu, mwanangu. Haina njaa. Mtu ndiye anayewasha." Akaweka msumari kwenye kisosi. "Mimi ndiye niliyewasha."

Akasimulia, bila machozi, kama anayesoma maelekezo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, kaka yake ishirini na mbili, wote wawili kwenye mashine ya kukandamiza bati. Spana ilidondoka nyuma, kaka akaenda kuiokota. Nyapara alikuwa na mteja mlangoni akisubiri, akapiga kelele, washa. Naye akawasha. Hakuna aliyemlaumu. Nyapara alisema ni bahati mbaya, mama yao alisema ni mapenzi ya Mungu, na kaka mwenyewe, alipotoka hospitali, alimwambia kila mtu kwamba mashine ilimla, akamfunika dada yake kwa maneno hayo maisha yake yote. Ila yeye alijua. Aliambiwa washa, akawasha, na hakutazama wako wangapi.

Nje mtu alikuwa akifua, maji yakimwagika na kunyamaza, yakimwagika na kunyamaza. Alikumbuka michezo yao nyuma ya kochi na kujisikia vibaya, kisha akawaza kwamba labda haikuwa vibaya. Labda ndiyo ilikuwa mara pekee ambapo aliyekosekana alitoka akicheka, na viungo vyake vyote.

Baadaye aliuliza swali ambalo alidhani ni la kijinga. Kama tatizo ni dirisha, kwa nini mashine iwe na dirisha? Kwa nini pasizibwe?

Shangazi alimtazama kwa jicho la pembeni, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. Akasema kumbe chuo hakikumpotezea muda. Akainuka, akauweka mwavuli wake karibu na mlango, tayari kwa asubuhi.

Asubuhi ya Jumatano waliingia karakana pamoja. Meneja alikuwa mlangoni ameshika simu. Bi Hesabu hakumpa ufunguo; alimpa masharti. Leza itawashwa leo, si kesho, na bila mgeni. Cheche ataziba dirisha kwa bamba la chuma, kwa boliti na kingo zisizopitisha hata unywele wa mwanga. Ndani ya mashine wataweka kipande cha plastiki ya Stoo, chini yake karatasi nene nyeusi. Leza ipigwe kwa nguvu ndogo, mara moja, sekunde mbili.

"Plastiki ikiuzuia mwanga," alisema, "nitalifungua lile bamba kwa mikono yangu, nikupe funguo zote mbili na barua ya kuacha kazi. Usipozuiwa, dirisha litabaki limezibwa mpaka lije la kijani, na huyu binti hachapi fomu ya uongo. Si leo, si kesho."

Meneja alikubali upesi mno. Karani alielewa kwamba alichosikia ni ile barua tu.

Cheche alifanya kazi hadi saa saba, akazungusha mpira kwenye kingo, akapita na tochi ndani na watu wakitazama nje kama kuna uwazi. Hapakuwa. Akatangaza kwamba Bibi Harusi amevaa shela la chuma na asiyeridhika ampige bwana harusi. Stoo mwenyewe alikata kipande cha plastiki, akakifuta kwa kitambaa mara tatu, maana na yeye alikuwa na heshima yake ya kulinda. Bi Hesabu alikiweka ndani juu ya ubao wenye vishikizo, shubiri moja juu ya karatasi nyeusi. Akavua saa, akavua pete, akawaambia wote wavae miwani ya kazi, ile yenye chapa kama ya lile dirisha la kijani, na wakae nyuma ya mstari wa njano hata kama mashine imezibwa pande zote. Cheche akauliza kama wanaogopa ukuta. Akajibiwa kwamba ukuta ameujenga yeye, ndiyo maana.

Maji ya kupozea yakaanza kuzunguka. Feni ikafyonza. Taa ya kijani ikawaka juu ya mashine. Bi Hesabu akatia ufunguo lakini hakuuzungusha. Akamwambia karani ahesabu.

Karani akahesabu kwa kidole, kwa uangalifu, mara mbili. Akasema saba.

Shangazi hakuzungusha ufunguo.

Karani akahesabu tena, akaanza na meneja, akamaliza na mlinzi. Saba. Watu wakaanza kuchekacheka. Meneja akapumua kwa nguvu. Shangazi alisimama vilevile alivyosimama miaka ile mbele ya televisheni, hana haraka na mtu, wala haoni haya. Ndipo karani alipojigusa kifua. Alikuwa amewahesabu wote na kujisahau mwenyewe.

"Nane," alisema.

Ufunguo ukazunguka. Taa ikageuka nyekundu. Sauti iliyotoka haikuwa ya kishindo. Ilikuwa kama mtu amechana kitambaa kipya chumba cha pili. Sekunde mbili. Kisha kimya, feni tu. Bi Hesabu akazima, akachomoa ufunguo, akauvaa, akawafanya wasubiri mpaka moshi wote ulipofyonzwa, huku meneja akihamisha uzito wake mguu huu hadi ule. Hapo akafungua mlango na kuutoa ubao wenye karatasi na plastiki, akauweka mezani mbele yao.

Plastiki ilikuwa safi. Hapakuwa na alama, hapakuwa na mkwaruzo, hata joto halikuwapo. Karatasi nyeusi chini yake ilikuwa na tundu lenye kingo za majivu.

Meneja aliinyanyua ile plastiki, akaitazama dhidi ya taa. Akaishusha. Akalitazama tundu kupitia plastiki, akiwa ameinama, uso wake pale pale ambapo uso wa mgeni ungekuwa, na alipojiona amekaa hivyo akajivuta nyuma. Hakuomba radhi. Alisema tu kwamba wageni wataambiwa dirisha limeagizwa, akaenda ofisini kwake na kufunga mlango taratibu.

Stoo alikaa juu ya kreti. Alisema, kama anayejisemea, kwamba yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuchungulia; alikuwa amekwisha jichagulia na mahali pa kusimama. Bi Hesabu alikwenda akamwekea mkono begani. Akamwambia alikata vizuri sana, pembe zote sawa. Tatizo ni kwamba alikuwa amekata dirisha la nyumba.

Alhamisi wageni walikuja, wakaoneshwa sanduku kubwa lililozibwa, linalochana kitambaa lisichokionyesha. Mmoja wao, mwenye tai, alilalamika kwamba wamekuja mbali na hawaoni kitu. Meneja alifungua mdomo, lakini Bi Hesabu alikuwa amekwisha jibu: kama wamekuja kuagiza mwanga, wamepotea njia, kama wamekuja kuagiza vitanda, vile pale, wavikalie. Yule mwenye tai alikwenda akakalia kimoja, akarukaruka kidogo, na mwisho wakaagiza.

Uongozi wa kitengo hakuupata. Aliyepewa ni kijana aliyekuwa zamani msaidizi wa Cheche, mtu mzima sasa, ambaye Bi Hesabu mwenyewe alimfundisha tofauti ya spana na koleo. Tangazo lilibandikwa ukutani na karani ndiye aliyelichapa. Alilichapa kwa herufi ndogo kuliko kawaida, hilo ndilo pekee aliloweza. Alitarajia shangazi atavunjika moyo. Pengine alivunjika, kuna jioni alikaa na lile koti la kazi mapajani muda mrefu, akikwangua mfuko kwa kucha. Lakini kazini aliwaambia waliompa pole kwamba wampelekee pole mwenye cheo. "Cheo anacho yeye," alisema, "ufunguo ninao mimi. Kamuulizeni nani anawasha." Na ilikuwa kweli. Hakuna aliyethubutu kuuomba. Uliendelea kukaa shingoni mwake, kamba ya kiatu ikibadilishwa kila ilipochakaa, mpaka siku alipostaafu. Dirisha la kijani lilipofika, alisoma maandishi ya pembeni mara tatu kabla ya kumruhusu Cheche alegeze boliti. Ile karatasi yenye tundu Stoo aliigongomea juu ya mlango wa stoo, na kila aliyeomba kifaa alilazimika kupita chini yake.

Karani alimwambia baba yake, siku moja, kwamba anajua. Mzee aliutazama mkono wake kana kwamba anauona upya. Akasema yeye alikwisha sahau vidole vile zamani. Anayevihesabu ni dada yake, na kwa kuwa anavihesabu kila siku, basi havijapotea sana.

Siku ya kustaafu Bi Hesabu alivua kamba mbele ya watu wote, akamsogezea karani kitabu na kusema, "Saini." Karani alikuwa amesomea usalama wa mashine miezi sita jioni baada ya kazi, jambo ambalo meneja alilipinga, kisha akalizoea. Shangazi alihamia kwa mwanawe, mji wa mbali, na kule akaugua. Kifua, walisema, kisha wakaacha kusema ni nini.

Karakana ilipoleta leza nyingine mpya, karani ndiye aliyekuwa wa kuiwasha. Kila kitu kilikuwa tayari, maji, feni, mlango, vitufe, dirisha la kijani lenye chapa. Kabla ya kuzungusha ufunguo alimpigia shangazi yake simu. Hakujua kwamba ni mara ya mwisho. Siku tatu baadaye ndipo alipopigiwa yeye, akaambiwa shangazi amefariki. Siku ile ya kuwasha, sauti ile nene ilikuwa imepungua hadi kubaki pumzi, na ilichukua muda kujibu. Iliuliza wako wangapi.

Karani akasema wako tisa, na kwamba safari hii amejihesabu.

Alisikia pumzi ikienda na kurudi, na kitanda kikilia kidogo, kama mtu anayeinua mkono wake kutoka kwenye shuka hadi kifuani.

"Na mimi, kumi," shangazi yake alisema. "Washa."